Ni Nani Alimufundisha Kukausha Mbavu?

Jumanne, tarehe 10 mwezi wa sita

Pikipiki imegonga nguruwe ya Honoré. Pale chini ku kona, barabara ya kwenda Kitshanga. Ilikuwa dume kubwa, ile alikuwa anajivuniaka kila siku. Mwenye pikipiki hakusimama hata. Honoré ni jirani yetu, parseli ya nyumba yake inagusana na yetu, basi Viateur akaenda kumusaidia kuchinja mbele ya nyama kuharibika. Honoré akamupa mbavu, pande zote mbili. Bwana yangu amerudi amezibeba ku bega kama fundi anabeba mulango.

Nikasema: nitachemsha kesho na ndizi. Akasema hapana. Atazikausha na moshi. Yeye mwenyewe.

Yeye mwenyewe! Viateur hajawahi hata kuwasha moto ya chai mu nyumba hii. Anajua ng'ombe, anajua maziwa, anajua fromaji, ile jibini tunauzishaka. Na hapa Burungu nani anakausha nguruwe na moshi? Sisi ni watu ya ng'ombe. Tumeanza kula nguruwe tu tangu ng'ombe zetu nyingi zilichukuliwa, na mama mukwe, Nyirabagenzi, mupaka leo hataki kusema jina yake. Anasema "ile kitu ya Honoré". Alipoona mbavu zinaingia, alifunika vyombo yake ya maziwa na kitenge, kama vile nguruwe itaruka iingie ndani.

Lakini si ile njo inanisumbua.

Viateur aliketi ku jiwe nyuma ya jikoni, akatandika jani ya mugomba, akalaza mbavu, mifupa ikiangalia juu. Akaingiza ukucha chini ya ile ngozi nyepesi ya ndani, pale ku pembe, akavuta. Ikatoka yote pamoja, kama kitambaa yenye maji. Mimi ninapika nyama tangu utoto wangu. Sikujua kama ile ngozi inatokaka.

Nikamuuliza ni nani alimufundisha. Akasema: watu. Watu gani? "Watu, Mama Umutoni. Watu wanakulaka nyama."

Kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa muda murefu.


Jumatano, tarehe 11

Leo amechimba. Nilifikiri atatengeneza kitanda ya miti juu ya moto, kama vile ninaonaka watu wanakausha samaki. Hapana. Amechimba shimo ndogo karibu na ukingo ya shamba, kisha mufereji murefu unapanda kidogo, na mbavu zitakaa huko mwisho ya mufereji, mbali na moto. Juu ya mufereji ameweka fimbo, majani ya migomba, udongo. Moshi itatembea chini ya udongo kama maji mu bomba.

Sijaona kitu kama hiyo hata siku moja.

Nikamuletea kuni ya kaliptusi, njo iko mingi. Akakataa. Anasema kaliptusi inaweka harufu ya dawa mu nyama. Akaenda kuomba kwa Honoré tawi ya muti ya avoka yenye ilianguka wakati ya mvua, akaichana vipande vidogo, ingine akailoweka mu maji. Chumvi, ndimu, pilipili. Kisha akachukua kisu akakata kati ya kila mifupa mbili, kukata kidogo tu, kisu imelala upande. Shwa, shwa, shwa. Hakuangalia hata. Alikuwa anaangalia barabara.

Mikono yake inajua. Hiyo njo kitu nimeona. Muntu mwenye aliona tu wengine wakifanya, mikono yake inauliza. Ya Viateur haikuuliza kitu.

Sasa niandike ile yenye iko ndani ya roho yangu, hakuna mwingine atasoma.

Mwaka juzi Viateur alienda Walikale kuuzisha fromaji. Alisema atarudi upesi. Nilipanda maharagi, yakatoa maua, nikavuna, nikaanika, yeye hajarudi. Telefone imefungwa. Watu walianza kuniangalia kama mujane. Kisha asubuhi moja huyu hapa ku mulango, amekonda, ndevu mingi. Akasema barabara ilikatika, vita kila upande, familia moja nzuri ilimupokea. Nililia, nikamupa maziwa, sikuuliza tena. Nilikuwa na furaha sana. Furaha inafungaka mudomo.

Leo ninauliza. Ile familia nzuri — nani alikuwa anapika?


Alhamisi, tarehe 12

Siku ya moshi. Nimechoka, lakini nitaandika yote.

Aliwasha asubuhi, umande bado ku majani. Moto kidogo sana. Alipuliza, akaweka ile kuni yenye maji, akafunika mudomo ya shimo na kipande ya bati. Na huko mwisho, pale mbavu ziko, moshi ikaanza kutoka pole pole kati ya majani. Nyepesi. Muntu akipita ku barabara hawezi kuona kitu. Harufu tu.

Nilichukua maharagi ya kuchambua, nikaketi karibu naye. Mama mukwe alipita akaniuliza kwa Kinyarwanda kama nimekuwa polisi ya bwana yangu. Yeye mwenyewe alikuwa anafukiza vyombo yake ya maziwa na majani, kama kila Alhamisi, na anasema moshi ya majani inasafisha lakini moshi ya mafuta inachafua. Aliniomba nimuambie mutoto wake hivyo. Mutoto wake alikuwa pale pale, anasikia.

Viateur hakuondoka ku moto. Akitaka kujua kama moto inapanda sana, anaweka mukono ku udongo ya mufereji, si ku nyama. Ku udongo! Kama mama anapima mutoto homa.

Nilingoja mupaka akatulia. Kisha nikamuuliza, sauti ya kawaida, kama vile ninauliza bei ya sabuni: ule mama kule Walikale, chumvi alikuwa anaweka mbele ya moshi ao nyuma yake?

Akasema, "Mbele."

Kisha akageuka kuniangalia.

"Mama gani?"

Nikasema haya, sijui, mama wa ile familia. Kila familia iko na mama. Akasema ndiyo, kulikuwa mama mmoja muzee. Muzee sana. Akaongeza na meno hana. Sikumuuliza juu ya meno! Muntu mwenye anasema ukweli haongezi meno.

Nikaendelea kuchambua maharagi. Nilikuwa natupa mazuri pamoja na mabaya.

Kitu ingine ikatokea wakati jua iko juu kabisa. Mafuta ya nyama ilikuwa imeshuka mu mufereji, moto ikaifuata. Tukasikia sauti — fuuu — kisha moshi mweusi ukapasua majani, ukasimama juu kama muti. Mimi nilicheka hata, nilifikiri: haya fundi, tuone sasa.

Viateur hakucheka. Aliruka. Akaingiza miguu mu mufereji, na viatu, akawa anakanyaga, anatupa udongo na mikono yote mbili, udongo juu ya moto, udongo juu ya mbavu, juu ya kila kitu. Uso yake sijawahi kuiona hivyo. Na hakuwa anaangalia nyama. Alikuwa anaangalia milima. Ule upande, kisha ule. Alikuwa anasema kitu, chini chini, haraka, sikusikia vizuri.

Moshi ikaisha. Tukabaki tunasikia kuku tu. Nikamuambia: Papa Umutoni, ni moshi. Kila nyumba hapa iko na moshi. Nani anakufukuza?

Akaangalia mikono yake, nyekundu, ingine imeanza kuvimba. Akasema nyama isipotee, nimuletee maji. Akaziosha mbavu moja moja, akazipaka chumvi tena, akawasha moto tena. Nilimufunga vidole na kitambaa. Alikuwa anaangalia milima bado.

Muntu mwenye kuficha mwanamuke, anaogopa moshi?

Labda. Labda ule mwanamuke iko na kaka zake. Labda Viateur alikimbia mahari kule, na sasa anafikiri wanamutafuta mupaka hapa. Nimesikiaka mambo kama hiyo.


Ijumaa, tarehe 13

Tumekula.

Nilitaka ziwe mbaya. Ni nzuri. Nje nyeusi kama soli ya kiatu, ndani rangi ya pinki, na mufupa ukiuzungusha unatoka wenyewe. Mutoto wetu Umutoni alilamba vidole mupaka ku kiwiko. Honoré alikuja kuonja, akafunga macho, akasema kumbe nguruwe yake haikufa bure. Akamuuliza Viateur: wewe, kijana ya ng'ombe, ulijifunza wapi hii? Viateur akacheka, akasema mu barabara mutu anajifunza yote.

Kwangu ni "watu". Kwa Honoré ni "barabara".

Mama mukwe hakula, hapana. Aliniita tu pembeni akasema nimuachie kipande nyuma ya mulango, ku sahani yenye haitumii tena, anataka kujua kama panya wataipenda. Nimerudisha sahani. Panya wameacha mufupa safi kabisa.

Kesho ni soko Kitshanga. Nitabeba mbavu mbili mu jani. Léontine atazionja. Yeye ni wa Walikale, alizaliwa mu pori kule, yeye na mimi tunauza pamoja tangu alikuja mu kambi ya wakimbizi, mimi maziwa, yeye sombe, majani ya muhogo. Kama hii ni mapishi ya mwanamuke wa kwao, atajua hata kijiji.


Jumamosi, tarehe 14

Siwezi kula. Niandike.

Soko ilikuwa imejaa, ng'ombe zinapita kati ya watu, vumbi. Nilifungua jani mbele ya Léontine, nikamuambia onja kitu ya kwenu. Alifurahi. Alisema tangu alikimbia hajakula nyama ya moshi ya kweli, hapa wanauza tu samaki ya ziwa. Akauma. Akatafuna mara mbili, akaacha.

Akageuza ule mufupa. Akaangalia pale kisu ilipita, kati ya mifupa mbili, imelala upande. Akapitisha kidole.

Akaniuliza ni nani alikausha. Nikasema bwana yangu. Akaniuliza alikausha vipi, juu ya jiko? Nikamueleza: shimo, mufereji, majani, udongo juu. Nilikuwa naeleza haraka, nilikuwa na haraka ya kusikia jina ya mwanamuke. Kadiri nilieleza, uso ya Léontine ilikuwa inafungwa.

Akasema: "Dada, kwetu mama anakausha juu ya jiko, ndani ya nyumba, moshi inapanda tu. Hakuna mama anachimba udongo. Ile ni moto ya watu wenye hawataki waonekane."

Sikuelewa. Nikasema: watu gani?

Akasema wawindaji wa zamani walikuwa wanafanya hivyo wakiiba mu shamba ya wengine. Baba yake alijua. Kaka yake Barthélemy alijua, alikuwa muwindaji, na alikuwa anakata mbavu hivi hivi, kisu imelala, kwa sababu alisema chumvi inaingia kama inateremuka mulima. Kijiji nzima walikuwa wanamucheka. Hakuna mwingine alikuwa anakata hivyo.

Barthélemy walimuchukua. Hiyo ninajua, Léontine alinielezaka mwaka jana, siku tulilia pamoja juu ya kila mutu na yake. Watu ya silaha walitoka mu pori, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo, hakuna hata mmoja alirudi. Nyumba wakachoma.

Akafunga jani. Pole pole, kila kona. Akaniuliza:

"Bwana yako alikuwa wapi, mwaka juzi?"

Nikasema Goma.

Ilitoka yenyewe. Goma, nikasema, alikuwa anauza fromaji Goma, kwa kaka yake Gentil. Hata jina ya Gentil niliweka. Meno, na mimi pia niliongeza meno!

Léontine aliniangalia. Hakusema kama ni uongo. Alisema tu asante kwa nyama, na akaweka jani mu kikapu yake, chini ya sombe. Nilimaliza maziwa, nikapanda pikipiki, bido tupu ya maziwa ku magoti.

Kwa nini nilisema uongo? Niliondoka nyumbani nikimutafutia bwana yangu makosa. Mara tu mutu mwingine alimutafutia, nikamuficha.


Jumapili, tarehe 15

Kanisani sikusikia kitu. Padri alisema, watu wakaimba, mimi nilikuwa naangalia shingo ya Viateur mu kiti ya mbele. Ni shingo ile ile niliolewa nayo. Kuna alama nyembamba pale nyuma, ndefu, sikuwahi kuijua. Ao niliijua?

Baada ya misa nilimuambia mama mukwe arudi na Umutoni, sisi tunapitia shamba. Nikamupeleka mupaka ku malisho, pale hakuna mutu, ng'ombe zetu tu. Nikamuambia wazi: kama ni mwanamuke, sema. Nitalia, nitatukana, kisha tutaona. Lakini sema.

Akaniangalia kama vile sikumuambia kwa Kiswahili. Mwanamuke?

Nikamuambia mambo ya mufereji. Nikamuambia ni moto ya watu wenye kujificha, mutu mmoja aliniambia. Sikusema nani.

Aliketi mu majani. Alieleza kidogo sana, nitaandika kama alisema. Watu ya silaha walimukamata ku barabara, yeye na fromaji zake. Walikula fromaji, wakamufunga kamba. Walikuwa wanahama kila mara, kwa hiyo nyama ilikuwa lazima ikauke, na moshi isionekane. Walimupa kazi ya nyama juu alikuwa na mikono safi, alisema, mikono ya mutu wa maziwa. Siku moja walipigana na wengine, wakatawanyika, akakimbia. Basi.

Nikamuuliza nani alimufundisha, sasa. Akasema: "Mwingine mwenye walikamata."

Jina yake?

Akasema huko hawaulizani majina. Akasimama akaenda kurudisha ndama, yenye haikuwa imeenda popote.

Nilirudi peke yangu. Ninamuamini. Nilimuona siku ya moshi, mwili haujui kudanganya hivyo. Lakini kuna kitu. Mutu mwenye alikamatwa anarudi nyumbani, analia, anaeleza kila mutu, watu wanamuletea kuku. Yeye alirudi na hadithi ya familia nzuri. Na alirudi na buti. Nimekumbuka leo, nikitembea. Buti nzuri, ya jeshi, saizi yake kabisa. Alisema aliziokota. Alizichoma yeye mwenyewe nyuma ya nyumba, na mimi nilikasirika juu ya kuharibu viatu.

Nani anampa mufungwa buti?

Nilitamani ingekuwa mwanamuke.


Jumatatu, tarehe 16

Hakuna kitu. Nimekamua, nimefua. Viateur amefukia mufereji wote, amekanyaga udongo, amepanda viazi juu. Hakuniambia kwa nini, sikuuliza.

Dada ya Honoré alipanda kutoka Kitshanga. Alisema mama mmoja wa kambi alikuwa anauliza watu nyumba ya Viateur wa Burungu iko wapi, na kama ni kweli alikuwa Goma mwaka juzi. Nilimuuliza walijibu nini. Akasema: walijibu Walikale, si kila mutu anajua?


Jumanne, tarehe 17

Ninaandika haraka. Niko mu chumba, ku kitanda, dirisha iko wazi nusu. Wako hapa nje.

Léontine amekuja. Peke yake, kwa miguu, kitenge ya kanisa. Nilikuwa naosha vyombo, nikamuona anafungua mulango ya kiwanja, na kitu ya kwanza nilifikiri, Mungu anisamehe, ni kumuambia Viateur hayupo. Lakini Viateur alikuwa amesimama ku mulango ya zizi, na ndoo.

Alinisalimia vizuri. Karibu, nikasema, dada, karibu. Nilitaka kusema juu ya Goma, kumuomba radhi. Akanishika mukono kidogo akasema acha, na yeye angesema hivyo.

Viateur alileta kiti. Aliuliza kama amekula. Ile mbavu ya mwisho ilikuwa imebaki, niliitundika juu ya jiko, akaenda kuitoa mwenyewe. Akamupa. Léontine akaishika na mikono mbili, hakula. Akamuonyesha pale kisu ilipita.

Akasema, "Barthélemy njo alikufundisha?"

Viateur alipitisha kidole pale pale. Mama mukwe aliacha kutikisa maziwa. Kisha Viateur akasema:

"Alisema niko na mukono muzito ku chumvi."

Léontine alicheka! Ilimutoka tu, kama kukohoa. Akafunika mudomo. Akasema njo yeye, njo yeye kabisa, hata mama yetu alikuwa anamuambia hivyo. Na machozi tayari yanashuka.

Njo wakati ile nikaingia hapa. Nilisema ninaenda kutafuta chai. Nikaiweka ku moto, sikurudi kwao.

Sasa wanasema, lakini si Kiswahili. Ni Kinyanga, luga ya Léontine. Na si yeye tu. Viateur anasema Kinyanga. Bwana yangu! Si kama mutu anatafuta maneno, hapana, anasema kama maji, na sauti ingine, ya chini, sauti ya mutu mwenye sijui. Mutu hajifunzi luga hivyo akifungwa kamba, anajifunza akitembea huru na wale wa silaha. Ao anajifunza — kama ule mwenye amefungwa karibu naye anamufundisha, kila siku, juu hakuna kazi ingine, juu wanaogopa wote wawili. Sijui. Sijui ni gani kati ya hizo mbili, na niko naangalia mugongo yake kama vile mugongo itaniambia.

Ameeleza kitu na mikono: mutu mrefu. Mutu anatembea na mguu mubaya. Léontine anakubali na kichwa, ndiyo, ndiyo. Ameonyesha miguu yake mwenyewe, viatu. Amevikamata na mikono. Buti. Anaeleza buti, nafikiri ni buti. Léontine ameacha kukubali na kichwa.

Amelaza ile mbavu ku magoti.

Léontine ameuliza kitu. Fupi, maneno mbili ao tatu, na jina ya Barthélemy ndani. Viateur anaangalia chini.

Chai imechemuka, ninasikia inamwagika ku moto, mama mukwe haendi kuiondoa. Hata yeye anangoja, na yeye Kinyanga hajui hata neno moja.

Ameuliza tena. Ni maneno yale yale, nimeanza kuyatambua. Sauti yake haijapanda. Amesukuma kiti yake karibu na ya Viateur, magoti inagusana, kama watoto wa mama moja.

Viateur amevua kofia. Ameiweka ku magoti. Amegeuka huku ku dirisha, ananitafuta na macho, na mukono yake inaniita. Ninaenda.